Mjadala: Mitumba ikipigwa marufuku, mwanamke wa Uganda atavaa nguo ya nani?

Mleta hoja, Kampala

Ndugu wasomaji, naleta hoja ambayo imejadiliwa kwa hasira kuliko kwa makini tangu Agosti 2023, pale Rais Yoweri Museveni alipotangaza mjini Mbale, akizindua viwanda, kwamba Uganda itapiga marufuku mitumba kwa kuwa inaua viwanda vya nguo vya Afrika. Alisema kwamba nguo hizo ni za wafu, kwamba Mzungu akifa nguo zake hukusanywa na kuletwa kwetu. Tamko hilo halikulifunga soko, na Owino, soko kubwa la Kampala, bado inauza mitumba kila siku. Swali lenyewe hata hivyo halijajibiwa, na kwa upande wa nguo za kike, ambazo mitindo yake hubadilika haraka kuliko nyingine zote, linahitaji jibu la kina. Wanaotaka marufuku wanasema kwamba mitumba ikiondoka, wabunifu wetu watapata wateja. Mimi nasema hawatawapata kwa njia hiyo.

Tumtazame mnunuzi mwenyewe. Mwanamke wa Kampala anayependa kuvaa vizuri haendi Owino kwa sababu ya ufukara tu. Anakwenda kwa sababu huko ndiko linakopatikana gauni la nembo kubwa, lililoshonwa kwa kitambaa cha maana, lenye bitana ndani na mshono ulionyooka, kwa bei ambayo mwalimu au muuguzi anaimudu. Robota linapofunguliwa asubuhi na mapema, wa kwanza kuchagua ni wenye maduka. Wanalipa zaidi ili wapate daraja la kwanza, wanafua, wanapiga pasi, na baada ya muda mfupi gauni lile lile linaning'inia katika duka la ghorofani katikati ya mji kwa bei iliyozidi ya sokoni mara kadhaa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nguo za wabunifu wakubwa hapa kwetu, kwa sehemu kubwa tunazungumza juu ya mitumba iliyochaguliwa vizuri, na pembeni yake nguo mpya za feki zenye lebo za kuigiza. Wanaonunua nguo mpya na halisi ya Paris au Milan ni wachache sana, na wengi wao huinunua wakiwa safarini.

Sasa iondoe mitumba. Mwanamke aliyekuwa na shilingi 15,000 za kununulia gauni hatakuwa na 300,000 za kumlipa mbunifu wa Kampala kwa sababu tu mpaka umefungwa. Atanunua gauni jipya la poliesta lililotoka China, ambalo litachakaa baada ya kufuliwa mara chache. Nafasi itakayoachwa na mitumba itajazwa na yule mwenye bei ya chini, na mwenye bei ya chini si sisi.

Jambo la pili ni misimu, na hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo penye tumaini. Nyumba za mitindo za Paris, Milan, London na New York huonyesha nguo za majira ya vuli na baridi mwezi wa Februari na Machi, na za majira ya joto mwezi wa Septemba na Oktoba, yaani miezi kadhaa kabla ya majira yenyewe. Maduka makubwa kama Zara hayangoji hata majira, kwani huingiza mitindo mipya mara mbili kwa wiki. Kasi hiyo ndiyo inayojaza makabati ya Ulaya na Marekani, na hatimaye ndiyo inayojaza marobota yetu. Ndiyo maana katika nchi ambayo Ikweta inaipita unakuta makoti mazito ya sufu yamerundikwa sokoni. Msimu wetu wa mavazi haufuati baridi. Unafuata sherehe: kwanjula (utambulisho wa mchumba) kwa Baganda, kuhingira (kumuaga bibi harusi) kule Ankole na Kigezi, harusi za Desemba, Idd, Krismasi, mahafali ya Makerere. Mwanamke ambaye mwaka mzima anavaa mitumba kazini, siku ya kwanjula ya mdogo wake atatafuta gomesi mpya, lile gauni refu la sherehe, atatafuta fundi, na atalipa. Wanaomsindikiza bibi harusi watakubaliana rangi moja na kununua kitambaa kwa pamoja, na rangi inayopendwa mwaka huu si lazima ipendwe mwaka ujao.

Hakuna robota la Ulaya lenye gomesi ndani yake, wala mushanana, vazi la sherehe la kitambaa chepesi kinachofungwa begani. Katika msimu wa sherehe mbunifu wa Uganda hashindani na mitumba kabisa, na hahitaji marufuku ili apate mteja. Gomesi yenyewe inahesabiwa kuwa ilibuniwa karibu mwaka 1905 na fundi wa asili ya Goa, India, aitwaye Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, na imedumu zaidi ya karne moja bila kulindwa na sheria yoyote ya forodha. Nionavyo mimi, serikali inayotaka kuwasaidia wabunifu ingeanzia hapo, kwa kuhakikisha kwamba kitambaa kinachoshonewa nguo za sherehe kinapatikana nchini kwa bei nzuri. Naomba michango yenu.

Mchangiaji, Lira

Ndugu mleta hoja, nimekusoma kwa heshima, lakini sikubaliani nawe. Unamtazama mnunuzi wa Kampala, nami naomba umtazame pia mkulima. Pamba ya biashara ilianza kulimwa Uganda mwaka 1903, na hadi leo inalimwa Lango, Acholi, Teso, Busoga na Kasese. Sehemu kubwa mno ya nyuzi hizo inasafirishwa nje ikiwa ghafi. Inasokotwa kwingine, inafumwa kwingine, inavaliwa na watu wa kwingine kwa mwaka mmoja au miwili, kisha inarudi kwetu ikiwa imefungwa kwenye robota, nasi tunailipia. Mtu akiniambia kwamba huo ni mpango wa kuendelea nao kwa kuwa gauni lina bitana nzuri, siwezi kumwelewa.

Tukumbuke pia historia ya karibuni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba ikomeshwe hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wanaouza nguo kuukuu wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kuondolewa katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru. Uganda, Kenya na Tanzania zikalegeza. Rwanda haikulegeza: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Sisi tulirudi nyuma ili tuilinde AGOA, na hata hivyo Januari 2024 tukaondolewa katika AGOA kwa sababu nyingine, za haki za binadamu. Basi kilichotutia hofu wakati ule hakipo tena. Tunangoja nini?

Wala msimu wa sherehe hauwezi kubeba kiwanda. Kiwanda kinahitaji mtu anayenunua nguo ya Jumatatu, si ya kwanjula peke yake. Madhali nguo ya Jumatatu ni ya mitumba, hakuna mwekezaji atakayeleta mashine za kufuma kitambaa cha magauni.

Mchangiaji, fundi wa Jinja

Nashona nguo za kike, na naomba niseme kile ambacho wenzangu wawili wamekigusa bila kukifungua. Jinja ni mji wa nguo tangu enzi za ukoloni, na kiwanda cha Nyanza bado kipo. Kinafuma kitambaa cha sare za shule na za majeshi, na kazi yake ni nzuri. Lakini mteja akiniletea picha ya gauni jepesi linaloanguka vizuri mwilini, sipati kitambaa chake kilichofumwa Uganda. Nanunua kilichoagizwa kutoka nje. Uzi ni wa nje, zipu ni ya nje, vifungo ni vya nje, hata kile kitambaa kigumu cha kuweka ndani ya kola ni cha nje. Nikimaliza kuhesabu vitu hivyo, kabla sijajilipa chochote, gharama imeshapita bei ya gauni zima la Owino. Ndugu wa Lira anasema mitumba inamzuia mwekezaji, na huenda anasema kweli. Hata hivyo, marufuku ikianza kesho, mimi fundi sitakuwa na kitambaa kipya keshokutwa, na mteja wangu hawezi kusubiri miaka mitano akiwa hana cha kuvaa.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu forodha. Mwanamke anayenunua mitumba anaijaribu papo hapo na kuondoka nayo. Sisi tunampima, tunamwambia arudi Ijumaa, na msimu wa harusi ukipamba moto Ijumaa hiyo inageuka kuwa Jumanne. Wako mafundi wanaoanza kushona magauni ya saizi zilizo tayari, kwa vipimo vya wanawake wa hapa, wenye nyonga pana kuliko zile za saizi za Ulaya. Hiyo ndiyo kazi ninayoitamani, na ndiyo inayohitaji mtaji: kukata magauni hamsini kwa mara moja badala ya moja moja.

Mchangiaji, Arua

Nitasema machache. Sisi tunaishi mpakani na Congo, na Sudan Kusini si mbali. Wanyarwanda walipopandisha ushuru, mitumba iliendelea kupenya kwao kwa njia za panya, ikitokea Congo na hapa hapa Uganda. Mkiifunga Kampala, robota litaingia usiku, bei itapanda, na atakayeumia ni mama mwenye meza ndogo sokoni, kwa kuwa hana uwezo wa kumlipa yeyote afumbe macho.

Mleta hoja

Ndugu wa Lira, kuhusu pamba umenishinda. Nilizungumza juu ya kitambaa bila kuuliza nyuzi zinatoka wapi, na kuhusu AGOA pia, hoja kwamba tutaadhibiwa na Marekani haina nguvu tena kama ilivyokuwa mwaka 2017. Lakini maelezo ya fundi wa Jinja yananithibitishia kwamba utaratibu wenyewe ndio wenye makosa. Marufuku inaondoa nguo kwanza na kuahidi kitambaa baadaye. Mimi naomba kitambaa kitangulie.

Tena tunacho chombo mkononi. Kwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mitumba hutozwa asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 kwa kilo, kutegemea ipi ni kubwa. Kutoza kwa kilo kuna maana yake: koti la sufu lisilovalika hapa linalipa zaidi ya blauzi nyepesi ya hariri itakayouzwa dukani kwa bei kubwa. Mzigo unamwangukia anayeuza vitu vizito vya bei ya chini, na yule anayechambua nguo za nembo kwa ajili ya maduka ya ghorofani anapita kwa urahisi. Ningependelea fedha za ushuru huo zitengwe waziwazi kwa ajili ya ufumaji wa vitambaa vya nguo za kike, na mafundi waliosajiliwa wapunguziwe ushuru wa uzi, zipu na vitambaa ambavyo havitengenezwi nchini.

Wapo pia wabunifu ambao mitumba ndiyo malighafi yao. Bobby Kolade, aliyesomea ubunifu Berlin na kisha kuanzisha nembo ya Buzigahill hapa Kampala, hununua mitumba, huifumua, huikata na kuishona upya, halafu huiuza tena kwa wanunuzi wa nchi zilikotoka nguo hizo, chini ya jina Return to Sender. Kazi hiyo inaikosoa biashara ya mitumba kwa ukali kuliko hotuba nyingi, na bado inatoa ajira kwa mafundi wa hapa. Marufuku ya jumla ingemfungia mlango pamoja na wengine wote, nami sioni haki yake.

Kwa hiyo namrudishia Ndugu wa Lira swali moja, na namwomba alijibu kwa hesabu. Kutoka pamba ya Lango hadi gauni lililoshonwa Jinja, ni hatua gani inayoweza kujengwa kwanza, kwa fedha za nani, ili mwanamke wa Owino apate gauni la pamba la Uganda kwa shilingi 30,000 ilhali soko la mitumba bado liko wazi? Likipatikana gauni hilo, nitaunga mkono kupandisha ushuru wa mitumba mwaka huo huo, hata ufikie kiwango cha Rwanda.