Tupeane uzoefu: majengo ya zamani Mji Mkongwe kuwa vituo vya sanaa

Mwanzisha mada: Dispensari ya Kale pale Mizingani, msingi 1887, kumalizika 1894, ilichakaa mno kabla ya kukarabatiwa miaka ya 1990 na kuwa kituo cha utamaduni. Wenye ufundi, mwageni: kazi inaanzia wapi, na nini kinaiharibu?

Fundi Chokaa: Anza na maji, rangi baadaye. Paa na mifereji viwe tayari kabla ya masika. Ukuta wa mawe ya matumbawe unakunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi. Unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka kama unga, lipu inabanduka, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vinaoza bila mtu kuona. Tumia chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, miezi ikiwezekana. Ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliooshwa (wa ufukweni usiuguse). Rowesha ukuta kwanza, tabaka lisizidi sentimita 1, kisha funika kwa magunia mabichi. Jua likiiwahi, inapasuka kama kisigino chenye magaga.

Boriti: Wasanii wanataka ukumbi, na jengo halina ukumbi. Boriti ya mkoko inavuka kama mita 3 tu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Kubomoa ukuta wa kati ni kuita maafa, kwani ndio uliobeba sakafu za juu. Igonge kila boriti karibu na ukuta: ikilia kavu ni nzima, ikilia bubu chokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, weka nguzo za muda chini kabla ya kuitoa. Na ngoma zichezwe sakafu ya chini, jamani! Watu 20 wanaoruka kwa mdundo mmoja si sawa na 20 waliokaa.

Mpiga Kanuni: Nakubali. Pale Forodha Kongwe, jengo la zamani la forodha, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kilifundisha taarab ghorofani miaka mingi. Udi na kanuni, ala za nyuzi za taarab, havitikisi sakafu. Tatizo ni mwangwi. Tundika mapazia mazito, yaache kama sentimita 10 kutoka ukutani, na mikeka chini. Fremu za picha zisimame zenyewe. Msumari kwenye matumbawe unamegua jiwe kisha unachomoka.

Fundi Chokaa: Na nyaya zipite juu ya lipu, ndani ya mabomba. Usichimbe mifereji ukutani. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla ya nyundo ya kwanza.