Mjadala: Wanariadha wa shule wapimwe moyo kabla ya kuruhusiwa kukimbia?

Mkufunzi, Njoro: Msichana wa kidato cha pili alianguka karibu na utepe, hakuinuka tena. Maiti ikapasuliwa, hakuna kilichoonekana. Naomba iwe sheria: bila ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, hakuna mbio. Italia walilazimisha tangu 1982.

Kijana wa Langalanga: Mwalimu, Italia si Nakuru. Mzazi hana karo, sasa umwongezee na ECG? Yule mwanasoka Foé wa Kamerun, 2003 au 2004, alikuwa na madaktari wa kila aina na bado alifia uwanjani.

Muuguzi, Kakamega: Foé ni 2003, Lyon, na misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa. Hiyo mpasuaji huiona. Kwa huyo msichana huenda shida ilikuwa umeme wa moyo. Seli zina milango ya kupitisha potasiamu na sodiamu, na jeni ikiwa na hitilafu, milango hiyo haifanyi kazi sawasawa. Hitilafu ikiwa kwenye jeni iitwayo KCNQ1, humpata mtu akikimbia au akiogelea. Ikiwa kwenye KCNH2, hata kengele ya ghafla inatosha. Ikiwa kwenye SCN5A, mara nyingi ni usingizini. Mzazi mmoja akiwa na hitilafu kama hiyo, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi.

Mzee wa Bungoma: Ndiyo maana tuliambiwa kabla ya kuoa, chunguza ukoo wa mama.

Mama wa Kondele: Mzee wangu, hapo umenichoma. Muuguzi amesema mzazi, wewe ukasoma mama. Nilipozika mwanangu, wifi yangu alisimama kando ya hema akahesabu wafu wa kwetu kwa vidole. Wa kwao hakuwahesabu, na baba mkwe alifia shambani angali kijana, jembe mkononi.

Mzee wa Bungoma: Pole sana, mama. Sikukulenga wewe. Lakini wazee hawakuwa wajinga, nyumba yenye kifafa hatukuoa.

Muuguzi, Kakamega: Mzee, wengine mnaosema wana kifafa ni hawa hawa! Mdundo ukivurugika, ubongo hukosa damu, mtu akaanguka akitetemeka. Anameza dawa za kifafa miaka na miaka, moyo haujawahi kupimwa.

Kijana wa Langalanga: Tunajadili mbio au mahari?

Mama wa Kondele: Wewe kijana, subiri uzike ndipo uniulize. Nimebaki na wawili. Hospitali walinipa kibali cha kuzika, basi. Hakuna aliyeniambia hawa wengine wapimwe.

Muuguzi, Kakamega: Dada, wapeleke wote, pamoja na baba yao. Mweleze daktari habari za baba mkwe pia, kwa sababu ECG moja inaweza kutoka safi na hitilafu iwemo. Ikipatikana, kuna propranolol, dawa ya zamani, na wengi huishi nayo vizuri. Na kabla ya kumeza dawa kama klorokwini ya malaria au erithromisini ya kuua bakteria, lazima wamjulishe anayewatibu, maana hizo huweza kuuvuruga moyo kama huo.

Mkufunzi, Njoro: Mdogo wa yule msichana yuko kwenye timu yangu. Jumamosi anakimbia mita 1500. Namtoa.

Kijana wa Langalanga: Basari yake inategemea mbio hizo, Mwalimu.

Mama wa Kondele: Mtoe! Karo tutachanga.

Mzee wa Bungoma: Na ECG? Nani analipa?