Tupeane uzoefu: miguu, buti na mzigo kwenye matembezi marefu ya jeshini

Kuruta
Wakuu, kesho kutwa ni kilometa 20 na begi mgongoni. Mwageni mbinu.

Sajenti Mzee
Buti hupimwa jioni, miguu ikiwa imevimba, na soksi zilezile za safari. Kucha kata moja kwa moja. Ukizungushia pembeni zinaota ndani ya nyama. Soksi mbili: nyembamba ndani, ya sufu nje, msuguano uishie soksi kwa soksi. Pamba inashika jasho, ngozi inalainika, inachubuka.

Lengelenge linabisha hodi kwanza: sehemu inawaka moto. Simama hapohapo. Kausha kabisa, bandika plasta, kona zake zikatwe mviringo zisikunjuke. Ukibandika juu ya jasho itahama, na mkunjo wake utakuchimba kuliko buti lenyewe.

Kombati
Hapo kwenye pamba umemaliza.

Kwata
Likijaa maji toboa, chuna ngozi, tia spiriti. Kwisha.

Tabibu wa Kikosi
Usichune! Ngozi hiyo ndiyo bandeji. Sindano safi, toboa ukingoni, kamua taratibu, funika. Dogo lisilouma liache.

Kwata
Nyie wa kliniki mna muda.

Tabibu wa Kikosi
Mapumziko ni ya nini, kupiga soga?

Doria
Mnagombania kisigino wakati kinachoua ni joto. Mwenzako akiyumba, akijibu ovyo, akimvimbia koplo bila sababu, usidhani ni utovu wa nidhamu. Usingoje jasho likauke ndipo ushtuke. Kwa askari aliye kwenye mwendo mara nyingi bado linamtiririka. Mvue mzigo na kombati, mtumbukize kwenye maji baridi. Hakuna pipa? Mmwagieni mfululizo huku mkimpepea. Gari liitwe, lakini apozwe kwanza ndipo asafirishwe.

Kombati
Na anywe maji mengi.

Doria
Aliyechanganyikiwa asinyweshwe, yatampalia. Hata mzima asipitishe kama lita 1.4 kwa saa. Yakizidi, chumvi ya damu inashuka na dalili zinafanana na za joto.

Kuruta
Duh. Na begi?

Sajenti Mzee
Kizito kikae juu, kigusane na mgongo. Kikining'inia nyuma utainama, na vidole vitasukuma buti njia nzima.

Kuruta
Buti zenyewe nimepewa leo, mpya.

Sajenti Mzee
Vaa za zamani.

Kwata
Loweka mpya, zivae mpaka zikauke.

Tabibu wa Kikosi
Kuruta, ukimsikiliza huyo, njoo na sindano yako.