Naomba ushauri: kikoba chetu kimegeuka kijiwe cha Simba na Yanga

Wakuu, mimi ni katibu wa kikoba hapa Kariakoo. Kundi letu la WhatsApp siku hizi halina habari ya hisa wala marejesho. Huyu akiwakumbusha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 waliyoipoteza kwa USM Alger, yule anajibu kwa ile Simba waliyoipoteza kwa Berkane 2025, kisha wote wanawageukia wachambuzi wa redio eti wamenunuliwa. Hapo sina neno, ni utani wa jadi. Ila sasa wanaingiza vyama vya siasa, matusi juu. Mweka hazina, Yanga lialia, kajitoa kwenye kundi na daftari analo yeye!

Nifunge kundi waandike viongozi tu? Shida ni kwamba mwenyekiti, Simba damu, ndiye kinara wa uchokozi. Nimwingieje?