Naomba ushauri: namtafuta babu mzaa mama, Mskoti wa mashamba ya mkonge Tanga. DNA imetoka ila nimekwama

BintiMkonge
Wakuu habarini, wakubwa shikamooni. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu miaka mingi, leo nimeamua kuandika maana nimekwama na nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Iko hivi. Mama yangu kazaliwa 1952 kwenye shamba moja la mkonge njia ya Muheza. Baba yake alikuwa mzungu, fundi wa mashine pale korona (korona ya mkonge jamani, kile kiwanda cha kutoa nyuzi, sio ule ugonjwa). Bibi alikuwa anamwita Bwana Makalaudi, basi, jina la kwanza hatulijui. Mama alipofika kama mwaka mmoja yule bwana akapanda meli akaenda likizo kwao, ndio mpaka leo. Bibi akaja kuolewa na mtu mwingine, maisha yakaendelea, ila mama mtaani kwetu wapo wanaomwita Mama Mzungu hadi kesho. Kilichobaki ni picha moja tu, kijana kavaa kaptula na soksi ndefu kaegemea gari, nyuma pameandikwa kwa penseli "D. McL. Tanga" na mwaka ambao sijui ni 1951 au 1957, penseli imefifia.

Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Reading, Uingereza, alikuja na kichupa cha kupimia DNA, nikatema mate akaondoka nacho. Majibu yakaja Uskoti asilimia 22, iliyobaki ni huku huku kwetu. Ndugu wa mbali wametoka wengi mpaka nikaogopa, Kanada ndio wamejaa, ila wa karibu ni mmoja tu, tunashea sentimogani 431 (kipimo cha DNA mnayoshea, ikiwa nyingi undugu ni wa karibu), nimwite J.M. Hajaweka mti wa ukoo wala picha. Nikamwandikia "Habari, babu yako ndiye baba wa mama yangu, alimwacha Tanganyika, naomba tuongee". Mwezi wa nne huu kimya.

Nimetafuta McCalaudy, McCloudy, Mackalaud, kila nilichoweza kubuni, hakuna kitu. Naomba mwongozo nifanyeje.

Mdigo_Mkavu
Nimekaa pale nasubiri wataalamu. Ila hii ya kwenda likizo miaka sabini na kitu inatia hasira.

ChuiMpole
Dada una kaka? Apime ile DNA ya ukoo wa kiume, inaenda baba kwa mtoto wa kiume haibadiliki, hao Waskoti wana makundi ya majina yao kabisa utaona jina linajitokeza.

Dada_wa_Maabara
@ChuiMpole hapana, utamtia hasara. Kaka yake kaipata hiyo kutoka kwa BABA yao, na hapa anatafutwa baba wa MAMA. Atalipa hela nyingi aje kuambiwa habari za upande ambao anaujua tayari. Ingefaa kama mama angekuwa na kaka wa baba mmoja mama mmoja, yupo?

BintiMkonge
Hayupo, mama ni peke yake kwa huyo mzungu.

MtuWaMakaratasi
Dada huyo Makalaudi sio fumbo. Mwambie mtu wa Uskoti akusomee jina MacLeod kwa sauti, utasikia "Maklaudi", halafu mpe bibi wa Kibondei alirudie, linatoka Makalaudi lilivyo. Linaandikwa -leod ila hiyo "eo" haisikiki hivyo kabisa, wewe ulikuwa unatafuta kwa masikio na makaratasi hayana masikio. Na McL ya nyuma ya picha inakubaliana. Mwaka ni 1951 bila shaka, 1957 si alishaondoka?

Sasa habari mbaya, MacLeod wako wengi kama akina Juma Ali. Asili yao ni visiwa vya kaskazini magharibi, Skye, Harris, Lewis, na desturi ya zamani kule mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Kwa hiyo kijiji kimoja unakuta akina Donald MacLeod wametapakaa, wenyewe wanatofautishana kwa kutaja baba na babu, kama huku Pwani fulani bin fulani bin fulani. Na D. sio lazima awe Donald, Duncan na Daniel nao ni majina ya huko.

Ndio maana nakwambia usianze na vyeti, anza na meli. Orodha za abiria walioshuka bandari za Uingereza zipo mpaka 1960, zimeskaniwa kwenye zile websaiti kubwa za nasaba, zinaonyesha umri, kazi, bandari aliyopandia na anwani ANAYOENDA kukaa. Hiyo anwani ndio dhahabu. Usijaze jina la kwanza, weka McLeod na MacLeod kwa zamu, miaka 1952 hadi 1954, kisha pitia meli zilizotoka Afrika Mashariki moja moja, unatafuta injinia au fundi aliyepandia Tanga, na kama hakuna angalia Mombasa. Mimi huwa naprinti nakaa na kalamu, macho yanachoka kwenye simu.

Ukipata anwani na umri ndio uingie ScotlandsPeople, hiyo ni websaiti ya serikali yao ya vyeti na sensa. Kuangalia vyeti utanunua krediti, mara ya mwisho picha ya cheti niliilipia pauni moja na nusu. Kwenye kutafuta andika M*cleod na hiyo nyota katikati, italeta Mc na Mac zote. Usajili wao umeanza 1855, nyuma ya hapo ni vitabu vya parokia, huko usiende kwa sasa utapotea. Picha za vyeti wanafungua kuzaliwa baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Kama 1951 alikuwa na miaka 25 mpaka 40 basi cheti chake cha kuzaliwa kiko wazi au kinakaribia, na kama alishazaliwa basi yumo na wazazi wake kwenye sensa ya 1921. Cheti cha kuzaliwa cha Uskoti kinakupa mpaka tarehe na mahali wazazi walipooana, na cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu pamoja na jina la mama la kabla ya kuolewa. England hawana utamu huo.

Mzee_Kigunia
Mimi swali langu moja tu, unamtafuta ili iweje? Urithi? Huyo mzee kashakufa na watoto wake wa kule hawataki kukusikia.

BintiMkonge
Mzee wangu shikamoo. Urithi wa fundi wa mashine wa 1951 utakuwa nini, spana? Mama ana miaka 70 na, anataka kujua jina la baba yake, basi. Kwenye kitambulisho pale kaandika la baba mlezi.

Mzee_Kigunia
Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Dada_wa_Maabara
Sasa tuje kwenye DNA, na hapa nitakugombeza kidogo. Mama yupo hai halafu umetema mate wewe? Mama ana nusu nzima ya huyo mzungu, wewe umepewa robo hivi, na sio robo kamili ndio maana umesoma 22. Kuna ndugu wa kule mama atawapata na wewe hutawaona kabisa maana kile kipande hukurithi. Mpime mama kwanza, mengine baadaye.

Hiyo 431 sasa. Watu wa nasaba wamekusanya vipimo vya maelfu ya ndugu wanaojulikana wakapata wastani. Mjukuu wa babu yako kwa mke mwingine, yaani mnashea babu tu bibi tofauti, wastani 449. Binamu wa kwanza wa mama yako, yaani mtoto wa kaka au dada wa babu yako, wastani 433. Umeona zilivyobanana? Wewe umemwandikia J.M. "babu yako ndiye baba wa mama yangu" wakati inawezekana kabisa huyo bwana ni BABA YAKE MDOGO au MJOMBA WAKE. Umemshtaki marehemu wa watu na huna uhakika ni marehemu yupi. Na hata mama akipima, kwake hizo njia mbili wastani ni 871 na 866, namba haitawatenganisha. Kitakachotenganisha ni umri wa J.M. na makaratasi ya mkuu hapo juu. Akiwa na miaka 45 ni uwezekano wa mjukuu, akiwa 80 huyo ni binamu wa mama.

Hao wa Kanada wa sentimogani 20, 30 waache. Watu wa visiwani wameoana wao kwa wao vizazi na vizazi, kwa hiyo mnaonekana ndugu wa karibu kuliko mlivyo.

MtuWaMakaratasi
Nakazia hilo la Kanada. Lewis peke yake, Aprili 1923 meli ya Metagama ilichukua watu kama 300 kutoka Stornoway siku moja kwenda Kanada. Vizazi vyao ndio hao wamekujaa kwenye orodha.

Mama_Njeri_Toronto
Mimi ni Mkenya niko huku Kanada, nilitafuta upande wa mzee wangu hivi hivi. Usikate tamaa na kimya, watu wengi hupewa kile kichupa kama zawadi ya Krismasi, wanaangalia asilimia mara moja wanasahau password. Wa kwangu alijibu baada ya miezi saba. Lakini ile meseji mpenzi hapana, hata mimi ningenyamaza. Andika fupi: jina lako, kwamba kipimo kinasema nyinyi ni ndugu wa karibu, kwamba unadhani ni upande wa MacLeod, na umuulize kama kuna mtu kwao aliwahi kufanya kazi Afrika Mashariki miaka ya 50. Mambo ya nani alimwacha nani yatakuja yenyewe. Picha usitume kwanza, mwambie tu unayo. Watu hawawezi kuvumilia picha ambayo hawajaiona.

BintiMkonge
Jamani asanteni sana, nimeshika kichwa hapo kwa mjomba, sikuwahi kufikiria kabisa. Meseji mpya nimeshatuma kama alivyosema Mama Njeri, nimeanza na kumwomba radhi.

Mrejesho wa leo: nimemsomea mama jina MacLeod. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema "ndio huyo" akaendelea kuchambua mchele. Kupima amekubali, mdogo wangu anakuja na kichupa mwezi wa 12. Sasa kuna masharti pale kwenye boksi kwamba nusu saa kabla ya kutema mate usile, usinywe wala usitafune kitu chochote, na mama yangu na tambuu ni tangu asubuhi mpaka anafumba macho. Nimemwambia nusu saa tu mama. Ananiuliza kwani huyo Mskoti amesubiri miaka mingapi.