Magemu ya mtandaoni: vijiwe vimebomolewa kwa makusudi, halafu lawama wanatupiwa wachezaji

Wakuu, uzi huu nauanzisha kwa hasira.

Kila wiki kuna anayelalamika kwamba wachezaji wa siku hizi hawana adabu. Mtu anaingia kwenye mechi, anatukana mama za watu, anaua wenzake wa timu moja, anatoka. Na majibu ni yale yale: zima maiki, funga chati, cheza kimya. Hayo si majibu. Vijana waliokuwa wanacheza Counter-Strike 1.6, gemu la risasi la timu kwa timu, mwaka 2004 nao walikuwa na midomo michafu, tena sana. Ila walicheza kwenye kijiwe, na kijiwe kina mwenyewe. Sasa mwenyewe kaondolewa, kijiwe kimevunjwa, na waliovunja wanajulikana.

Kwa waliozaliwa na simu mkononi, nieleze ilivyokuwa. Ukifungua gemu ulikuta orodha ya seva, yaani kompyuta zinazobeba mechi. Kila seva na jina lake, ramani inayochezwa, idadi ya waliomo na pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi). Mwenye seva alikuwa mtu wa kawaida tu aliyekodi mashine mahali, akaweka programu ya seva ya Half-Life (gemu ambalo Counter-Strike imejengwa juu yake), akafungua mlango wa mtandao wa UDP 27015 wachezaji wapite, akaandika sheria zake kwenye faili la server.cfg. Chukua seva ya viti 24 yenye wenyeji 60. Ukiingia jioni tatu mfululizo umeshakutana na wengi wao. Unajua nani anapenda kujificha, nani anaongea sana, nani ukimpigia kelele anasusa. Ukitukana, msimamizi anaandika amx_kick, unatoka. Ukirudi na matusi anaandika amx_ban na idadi ya dakika. Akiweka 0 umefungiwa bila kikomo. Namba ya akaunti yako inaingia kwenye banned.cfg, au anwani yako ya IP kwenye listip.cfg. Hakuna fomu ya kujaza wala roboti wa kukujibu. Unamfuata mtu mwenyewe, unaomba msamaha, akikubali unarudi.

Sasa linganisha na mfumo wa kupangiwa mechi, ambapo kampuni ndiyo inakuchagulia wa kucheza nao. Tuseme foleni ya ukanda wenu ina watu 20,000. Kila mechi ya watano kwa watano unapangiwa watu 9. Ukicheza mechi 10 kwa siku, kama hujarudishiwa mtu hata mmoja, umekutana na watu 90. Hiyo haifiki nusu ya asilimia moja. Yule uliyemtukana leo hutamwona tena, na yule aliyekuokoa leo pia hutamwona tena. Tabia njema haikulipi chochote na mbaya haikugharimu chochote, maana hakuna anayekukumbuka. Mnategemea adabu itoke wapi hapo?

Msiniambie hili limetokea lenyewe. Mwaka 2009 Call of Duty: Modern Warfare 2 ilitoka kwenye kompyuta bila seva binafsi. Gemu lililotangulia lilikuwa na seva za hadi watu 64. Hili likawa na mwisho wa watu 18, na mashine ya mchezaji mmoja ndiyo inabeba mechi nzima. Huyo akikasirika akatoka, wote mnasimama mkisubiri abebeshwe mwingine. Watu walipiga kelele, wakasaini malalamiko kwa maelfu, na gemu likauzwa vilevile. Kampuni nyingine zikajifunza somo.

Desemba mwaka huohuo World of Warcraft, gemu la dunia moja kubwa yenye wachezaji wengi, ikaleta chombo cha kutafuta kundi la kuingia shimoni, yaani mapango ya kupigana na majitu. Kabla yake ulisimama mjini ukiita watu: anatakiwa mkinga mmoja, mganga mmoja, wapigaji watatu. Mkakubaliana, mkasafiri. Aliyezoea kuiba mali ya kundi jina lake lilijulikana seva nzima na hakuna aliyemchukua tena. Chombo kikaja na kitufe kimoja: kinakuchanganya na watu wa seva nyingine, kinawarusha wote mlangoni, mkimaliza mnatawanyika. Mwizi akaponea hapo. Niwe mkweli, foleni zilipungua sana, na wapigaji waliokuwa wanasubiri saa nzima walishangilia. Lakini bei ya ule urahisi haikuandikwa popote.

Team Fortress 2 ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu matokeo yake yalionekana wazi kabisa. Julai 2016 Valve, wenye gemu hilo, waliweka mfumo wa kupangiwa mechi unaokupeleka kwenye seva zao peke yake. Seva za watu binafsi zilibaki kwenye orodha iliyofichwa kando, na mgeni hakuletwa tena. Nyingi zikakauka. Kuanzia 2020 seva rasmi zikavamiwa na maboti, programu zinazojichezea zenyewe, yanayolenga kichwa bila kukosa na kujaza chati kwa uchafu. Msimamizi hayupo. Kilichokuwepo ni kura ya kumtoa mtu, na maboti yakiwa mengi kwenye timu yalipiga kura pamoja kuwatoa binadamu. Wakati huohuo seva za binafsi zilizosalia zilikuwa zinachezeka, kwa kuwa boti likiingia kuna mtu yuko macho wa kulifukuza. Mei 2022 na tena Juni 2024 wachezaji waliandamana mtandaoni ndipo hatua za maana zikaanza kuonekana.

Modern Warfare ya 2019 ikamalizia kilichobaki: lobi, yaani chumba cha kusubiria mechi, inavunjwa kila mechi ikiisha. Hata zile dakika mbili za kutambiana na kuomba marudiano zikafutwa. Battlefield 2042, mwaka 2021, mechi za hadi watu 128, ilitoka bila maongezi ya sauti ndani ya gemu na bila orodha ya seva kwenye aina zake kuu za mchezo. Watu 128 mnapigana bila kusikiana!

Kwa nini wafanye hivyo? Fuateni hela. Kwenye seva binafsi mwenye seva anaweza kugawa silaha na mavazi bure, anaweza kuendelea na ramani ya zamani miaka 15, na gemu jipya likitoka hana haja ya kuhama. Ukishika seva zote umeshika duka, umeshika tarehe ya kifo cha gemu, na umeshika namna ya kumpanga mchezaji ili asichoke kununua. Ni biashara yao, sawa. Ila wasije kutuuzia "usalama wa jamii" wakati jamii wameivunja wao.

Na sisi wa huku tunaumia mara mbili. Foleni haigawi watu kwa ukanda tu. Inagawa kwa aina ya mchezo, kwa daraja, wakati mwingine hata kwa kifaa. Chukua watu 2,000 waliomo saa 3 usiku. Gawa kwa kanda 4, aina 5 za mchezo, madaraja 6: ni mafungu 120, kila fungu watu 16 hivi. Wakishaondoka 10 kucheza, 6 waliobaki hawana mechi. Mfumo unachoka kusubiri, unawatupa ukanda mwingine. Ndivyo mtu wa Mwanza au Mombasa anavyojikuta anacheza Ulaya au Ghuba. Mwanga ndani ya nyaya unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla hujahesabu kifaa kimoja cha njiani. Hakuna kifurushi cha intaneti kitakachofuta hizo. Seva iliyopo Dar au Nairobi, ambayo data yake inapita kwenye kituo cha kubadilishana data ya mitandao cha TIX (Tanzania) au KIXP (Kenya) bila kuvuka bahari, inalimaliza hilo tatizo. Lakini magemu mengi makubwa ya leo hayakuruhusu kuiweka.

Wanaotaka kurudisha kijiwe, 1.6 bado inawezekana. Mashine ya kukodi yenye Linux, kiini kimoja na RAM ya GB 1 inatosha watu 24. Weka SteamCMD, chombo cha Valve cha kupakulia seva, pamoja na maktaba za biti 32, maana bila hizo haiwaki na ujumbe wa kosa hausemi ukweli. Kisha app_update 90 validate. Amri hiyo ina kasoro ya miaka mingi: inakatika katikati na kujifanya imemaliza. Irudie mara tatu au nne hadi iseme imekamilika, vinginevyo folda ya cstrike inabaki na mapengo na seva inaanguka kwenye ramani ya kwanza. Kwenye server.cfg weka sv_lan 0, ikiwa 1 wa nje wanakataliwa, rcon_password (nywila ya kuiongoza seva kwa mbali) iwe ndefu, sv_maxrate 25000. Hizo ni baiti kwa sekunde kwa kila mchezaji, kwa hiyo watu 24 ni kama Mbps 4.8 za kupakia juu kwa kiwango cha mwisho. Ukipenda ramani za nje, weka sv_downloadurl ielekee kwenye seva ya wavuti. Usipoweka, mgeni atavuta ramani kupitia seva ya gemu polepole kama mdudu na ataondoka kabla haijaisha. Halafu Metamod na AMX Mod X, ambazo ndizo zinaleta zile amri za amx, na majina ya wasimamizi kwenye users.ini.

Hapo ndipo wengi huharibu. Msiweke plagini (programu za nyongeza) 40. Msigawe usimamizi kwa kila rafiki. Wawili au watatu wanaokuwepo saa tofauti wanatosha. Na msianze na viti 24. Seva yenye watu 3 kati ya 24 inaonekana kaburi, yenye 3 kati ya 10 inaonekana inaanza. Weka viti 10, tangaza saa moja isiyobadilika, mfano saa 2 hadi saa 4 usiku, na wenyeji 6 wawemo kabla ya wageni. Hao 6 ndio kazi yenyewe. Kompyuta ni sehemu rahisi.

NYONGEZA

Nimesoma maoni. Kuna anayesema wenye seva nao walikuwa wezi, na hapo ana hoja. Kwenye 1.6 kuna seva zilizokuwa zinatuma amri kwenye kompyuta ya mchezaji, zinabadilisha faili zake za mipangilio ili kila akifungua gemu arudi kwao. Nyingine zilionyesha wachezaji 30 kwenye orodha, ukiingia wote hewa. Huo ni uharibifu uleule na wamechangia kuifanya orodha isiaminike. Jikinge kwa kuandika cl_filterstuffcmd 1 kwenye gemu lako, inazuia amri hizo, na usiguse programu za 1.6 zilizofungashwa na watu wasiojulikana. Hata hivyo seva chafu uliweza kuihama ukaenda ya jirani. Mfumo wa kampuni utauhamia wapi?

Anayesema "jamii zipo, ziko Discord na WhatsApp": kundi la WhatsApp linajumuisha waliokwisha kujuana. Mgeni anayecheza peke yake usiku wa leo halioni. Na maarifa yanayomwagwa Discord hayaonekani kwenye mitambo ya kutafuta. Swali la mwaka jana linaulizwa upya leo kwa sababu jibu limezama. Zamani mgeni aliingia kijiweni kwa kubofya jina la seva tu.

Aliyeuliza kwa nini seva yake ya nyumbani haionekani nje ingawa amefungua mlango kwenye ruta: fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, mtandao wako umekuweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine, na hakuna mlango utakaofunguka. Omba anwani ya umma kama wanatoa, kodi mashine nje, au waunganishe marafiki kwa ZeroTier au Tailscale, programu za kuunda mtandao wa faragha. Njia hiyo ya mwisho inafaa watu 10 mnaojuana, haifai kupokea wageni.

Na nyie mnaotaka seva itakayoendelea hata nyaya za baharini zikikatika kama Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja: 1.6 haitawafaa, kwa kuwa akaunti inathibitishwa nje. Tumieni Xonotic, gemu la risasi, UDP 26000, au Luanti, gemu la kujenga kwa vitalu, UDP 30000. Zote bure, hazidai akaunti ya kampuni yoyote.

La mwisho, kwa anayesema nunua gemu ucheze, acha kelele. The Crew, gemu la magari la Ubisoft, ilitoka Desemba 2014, na Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Hata aliyekuwa anaendesha gari peke yake bila kuhitaji mtu hakuweza tena kulifungua gemu alilolipia. Hapo ndipo Ross Scott, mtengeneza video za magemu, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao la Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni 1. Wanachodai ni kidogo sana: ukizima seva, liache gemu katika hali inayochezeka. Na hilo linawezekana: msimbo wa Quake III, gemu la risasi la zamani, ulitolewa wazi mwaka 2005 na hadi leo watu wanaendesha seva zake. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela yako, tafuta mambo mawili kwenye maelezo ya gemu: je, lina orodha ya seva, na je, programu ya seva inapakuliwa? Kama yote mawili hayapo, andika hapa jina la gemu hilo na tarehe lilipotoka, tuwe na orodha yetu.