Mkulima wa China na wa India: nani ana sauti zaidi juu ya shamba lake?

MkoroshoTandahimba
Wakuu, salaam. Kila mnada wa korosho ukifungwa, kijiweni kwetu maneno ni yale yale: Wahindi wamebeba ghafi, wanakwenda kubangua kwao. Na pampu ya kupulizia dawa ukiigeuza, chini imeandikwa China. Mataifa haya yamepakana na yalianza ukurasa mpya karibu wakati mmoja, India 1947, China 1949, yote yakiwa na wakulima maskini wasiohesabika. Moja likashika chama kimoja, lingine sanduku la kura. Mkulima wa wapi amefaidi? Msinijibu kwa maghorofa ya Shanghai, nataka habari za shambani.

Bandarini_Mtwara
China, mkuu. Mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, walisaini kwa siri kugawana mashamba ya ujima. Waliahidiana kwamba mmoja akifungwa, wenzake watamlelea watoto. Mavuno yakapanda, na serikali ya Deng Xiaoping ikaueneza utaratibu huo nchi nzima. Mwaka 2006 wakafuta kabisa kodi ya kilimo. India ilifungua uchumi wake 1991 tu, tena ikaanzia mijini.

BintiMasasi
Kaka, umeiruka njaa ya 1959 hadi 1961. Mamilioni walikufa China huku taarifa za mavuno zikipikwa kuwafurahisha wakubwa. Mchumi wa India, Amartya Sen, anasema India huru haijapata njaa ya namna ile kwa sababu kuna magazeti na uchaguzi. Ila huyo huyo anakiri kwamba kwa afya na kusoma China iliiacha India mbali, na hilo linaniuma nikifikiria watoto wa kike wa India. Halafu kuna hukou, usajili wa makazi: mtu wa kijijini akihamia mjini China, kumpatia mwanawe shule ya serikali ni kazi. India unahama utakako, lakini tabaka ulilozaliwa linakufuata.

MkoroshoTandahimba
Ahsanteni sana. Hao wa Xiaogang wamenigusa. Babu yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mikorosho yake ikabaki porini bila wa kupalilia, wala hakuna aliyemuuliza.

Lakini sikubali kwamba China imeshinda moja kwa moja. Ardhi ya kijijini kule bado ni ya pamoja, familia ina mkataba wa miaka 30. Wakulima wa India, wengi wao wa majimbo ya Punjab na Haryana, walipoona sheria tatu za kilimo za 2020 zinatishia masoko yao na bei ya kima cha chini inayowekwa na serikali kwa ngano na mpunga, walipiga kambi mipakani mwa Delhi mwaka mzima, baridi na joto, na Novemba 2021 Waziri Mkuu Modi akatangaza kuzifuta. Kwangu mimi hiyo ndiyo sauti: kukataa mchana kweupe. Wale 18 ilibidi wajifiche.

Sasa nina swali jingine. Ushirika wa maziwa wa Amul, Gujarat, ulianza 1946 na viwanda ni vya wafugaji wenyewe. AMCOS zetu (vyama vya ushirika vya wakulima) zinakusanya korosho, zinapeleka ghalani, basi. Mwenye kujua Amul walipata wapi mtaji wa kiwanda cha kwanza, aandike hapa.

Bandarini_Mtwara
Hilo nalifuatilia, mkuu. Na habari za kubangua korosho kule Kollam, mji wa jimbo la Kerala, India, nitakuulizia, wapo mabaharia wanaofika huko.